Farasi Aliyefundishwa kwa Mdomo

Watu wananiita Redio, na sikatai. Naongea nikiamka, naongea nikila, na marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwamba hata usingizini naendelea kidogo. Kazi yangu ni kufundisha farasi wachanga kabla hawajapandwa. Mimi mwenyewe sipandi. Goti langu moja liligoma zamani. Namfundisha farasi nikiwa chini, kwa miguu yangu miwili: atembee nikitembea, asimame nikisimama, arudi nyuma akiombwa, azunguke kwenye kamba ndefu bila kunivuta, akubali mfuko wa nailoni umpapase mgongoni asiruke, akubali tandiko na mkanda wake wa tumboni. Na akubali kungoja. Kungoja ndiko kugumu kuliko vyote. Farasi akiruka masomo haya akapandwa hivi hivi, mpandaji hushuka mapema kuliko alivyopanga.

Mabanda ni ya kaka yangu. Yeye anachonga kwato, anapigilia uzio, anapakua majani makavu, na haongei. Mama yetu alikuwa akisema kwamba maneno ya kaka nilizaliwa nayo mimi. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu uje ulichukue mchana. Na mtu wa namna hiyo akaenda kuoa nani? Akaoa mtangazaji wa stesheni ya treni.

Wifi yangu alitangaza treni kwa miaka ishirini. Alikuwa na sauti ya kumsimamisha mpagazi na mzigo wake kichwani. Tukikutana jikoni, mimi na yeye, kaka alichukua sahani yake akaenda kulia nje. Wifi alikuwa akisema mimi ni treni ya mizigo, mabehewa mengi na ndani hamna kitu. Mimi nilimwambia kwamba yeye kazi yake ni kutangaza ucheleweshaji, ndiyo maana hamalizi. Tulipendana sana, tena kwa kelele.

Wifi alikuwa na farasi jike, alimpanda miaka kumi na minne. Uzeeni yule jike akazaa dume mmoja, wa kahawia, mguu mmoja mweupe, mwenye maringo tangu siku ya kwanza, tukamwita Bwana Mdogo. Mwaka juzi mama yake akafa. Wifi alilia, akafunga tandiko kwenye shuka, akaapa hakai mgongoni mwa farasi mwingine mpaka huyu akue. Farasi alipotimiza miaka mitatu, wifi akanikabidhi kamba yake mkononi. Alisema, "Nifundishie, wifi. Ila wa kwanza kumpanda niwe mimi."

Nikamfundisha. Nikamfundisha kwa mdomo, maana ndicho kifaa nilichopewa. Nikisema "simama" anasimama. Nikisema "twende" anakwenda, "nyuma" anarudi, "geuka" anageuka. Kati ya amri na amri nilikuwa nikimpa habari za mtaa: nani kaposa, nani kaachwa, nani kajenga ukuta ukaingia kwa jirani. Yule farasi alikuwa anajua mambo ya watu kuliko kinyozi. Miezi minane ikapita, ikawa naketi juu ya ndoo katikati ya uwanja wetu wa duara, mikono mapajani, namwendesha kwa maneno matupu, na watu wanakuja kutazama uzioni. Walikuwa wakipiga makofi. Nilivimba kichwa, sifichi.

Katika miezi hiyo hiyo sauti ya wifi ilianza kukwaruza. Mimi nikaifanyia mzaha, nikasema treni zimemla koo. Yeye akacheka, akakohoa. Halafu ikawa anatangaza nusu, nusu nyingine anatangaza mwenzake. Halafu hospitali, wakaona uvimbe, wakaukata. Alipona, na kwa hilo nashukuru asubuhi na jioni. Lakini sauti haikurudi. Daktari alisema kitakachobaki ni mnong'ono, tena autumie kwa kipimo. Mimi ninayejua habari za mtaa mzima sikuisikia sauti ya wifi yangu ikiondoka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Miezi miwili akakaa ndani. Alikuwa na kiti chake dirishani na daftari dogo la kuandikia anachotaka, na siku nyingi hakuandika chochote. Nilikwenda kumtembelea, nikaongea, nikaongea tena kwa ajili yake, nikarudi nyumbani nimechoka na yeye kachoka zaidi. Kitu kimoja tu kilimfanya ageuze shingo: nikimtaja Bwana Mdogo. Basi nikamwambia kaka amlete mkewe mabandani. Nikasema farasi yuko tayari, bado kupandwa tu.

Akaja asubuhi moja na viatu vyake vya kupandia, vimepakwa rangi upya. Nilipoviona viatu vile moyo ulinijaa. Nikampa kamba, nikatoka nje ya uwanja, nikaegemea uzio na kifua mbele.

Wifi akapiga hatua. Bwana Mdogo hakusogea. Wifi akavuta kamba kidogo. Farasi akanyoosha shingo, miguu pale pale, macho kwangu. Wifi akafungua mdomo, ukatoka upepo tu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, na farasi hakugeuza hata sikio, ananitazama mimi aone nasemaje. Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Twende, bwana." Akaondoka mara moja, akaja moja kwa moja kwangu, akamburuta mwenye farasi kwenye vumbi hatua nne kabla hajaachia kamba.

Hakuumia. Alijipangusa magoti, akatoa daftari mfukoni, akaandika, akanipa nisome. "Mpeni mtu mwenye sauti."

Alikuwa hatanii. Kuna bwana mmoja ana shule ya kufundisha watu kupanda farasi, upande wa pili wa mji, amemtamani Bwana Mdogo tangu ananyonya. Jioni ile ile wifi alimpelekea ujumbe, na yule bwana akajibu kwamba atakuja na tela lake Jumamosi ya tatu. Nilipopata habari nilikwenda nikagonga meza yao. Nilimwambia wifi kosa ni langu, si la farasi wala la koo lake, kwamba nilimfundisha anisikilize mimi badala ya kumfundisha asikilize. Nikaomba wiki hizo tatu ziwe zangu. Aliinua mabega, akageukia dirisha. Kaka alinisindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni akasema sentensi nzima: "Akienda huyu farasi, huyu mke wangu hatoki tena ndani."

Nikarudi nyumbani nikijitukana njia nzima.

Kesho yake nikachukua leso, nikajifunga mdomo. Si kwa mchezo. Nilijua bila leso nitasahau, maana mdomo wangu hauombi ruhusa. Kaka aliponiona aliweka nyundo chini, akatazama, akaiokota nyundo akaenda zake, lakini mabega yalikuwa yanamcheza.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilisimama na kamba, farasi akasimama, tukatazamana. Alikuwa anaitazama ile leso, anangoja. Nikangoja na mimi. Baada ya muda akalegeza mguu mmoja wa nyuma, akashusha kope, akasinzia. Miezi minane nimejisifu, kumbe mikono yangu haikuwahi kufundishwa kazi. Nilipoivuta kamba, yeye akavuta kwake. Nilipopunga mkono, aliutazama kama nzi. Siku ya pili nilikasirika, nikatupa kamba chini, nikazunguka nyuma ya banda nikafungua leso nikamwambia ukuta yote niliyokuwa nayo.

Siku ya tatu nilikumbuka jambo ambalo huwa nawaambia wengine wakija kujifunza, nami silifuati: farasi hajifunzi pale unapomsukuma, anajifunza pale unapoacha. Basi nikaanza upya kabisa, kana kwamba hajui kitu. Nikasimama ubavuni, nikaelekeza kifua changu begani kwake, nikasogea hatua moja. Nikangoja. Alifikiri. Akahamisha kwato moja, padogo, unene wa kidole. Papo hapo nikarudi nyuma, nikalegeza mwili wote, nikamwacha apumue. Tena. Tena. Kwa kutwa nzima tulipata hatua sita. Hatua sita, na nilikuwa na mambo mia ya kusema kwa kila moja, nikayameza yote. Nilipofika nyumbani taya zilikuwa zinauma kwa kunyamaza.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Anakwenda, anasimama kwa shida, kurudi nyuma hataki kusikia habari zake. Wifi hajakanyaga. Nilimtuma kaka amwite, kaka akarudi akatikisa kichwa. Kilichomtoa ndani si mimi wala farasi. Ni kwamba habari zilimfikia kuwa Redio imezimwa. Watu walikuwa wanapita mabandani makusudi kuona, na muuza pumba aliapa kwamba nilipokea magunia manane pasipo kutoa neno. Wifi hakuamini. Akaja ajionee.

Nilimwona mlangoni. Nilikuwa na leso mdomoni, kofia imenipanda upande, nimemwinamia farasi begani najikamua arudi nyuma, na yeye ananinusa sikio. Wifi akaanza kucheka. Kicheko kilikuwa hakina sauti. Mabega yalikwenda juu chini, machozi yakamtoka, akashika nguzo ya geti asianguke. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu hospitali. Ningejifunga leso mwaka mzima kwa ajili ya hilo.

Alipomaliza kujifuta macho akaingia uwanjani, akaninyang'anya kamba, akanisukuma kando kwa nyonga. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Mimi nilikuwa na siku nane za kunyamaza. Yeye alikuwa na miezi miwili na ushee. Kwa miezi hiyo alikuwa anamwomba kaka chumvi kwa jicho, anamwita kwa bega, anamfukuza sebuleni kwa kidevu. Mimi nilikuwa nanyamaza kwa kujizuia, na farasi alikuwa anakuona kule kujizuia, mwili mzima umekaza. Wifi hakuwa anajizuia chochote. Alimtazama Bwana Mdogo kifuani, akasimama wima, akaingiza pumzi. Farasi akainua kichwa. Wifi akasogea nusu hatua kumwelekea, na farasi akarudi nyuma. Hatua moja, mbili, tatu. Wifi akaitoa pumzi yote, mabega yakashuka. Farasi akasimama, akalamba midomo, akashusha kichwa.

Nilitaka kupiga ukelele. Leso iliniokoa.

Kuanzia hapo mwalimu akawa yeye. Mimi nilibeba vitu. Alikuja kila siku, na kila siku alikuja mapema zaidi. Alimwongoza katikati ya magogo, akamzungusha kwenye kamba ndefu kulia na kushoto, akamwekea mfuko wa nailoni mgongoni, shingoni, chini ya tumbo. Kumsimamisha ni kutoa pumzi. Kumwondoa ni kuvuta pumzi na kutazama mnakokwenda. Mimi nilikuwa namsahihisha kwa vidole pale uzioni, na yeye alikuwa ananijibu kwa kidole kimoja ambacho sitakisema. Wiki ya pili ikaisha na tandiko lile la zamani likatoka kwenye shuka. Bwana Mdogo alilinusa muda mrefu. Tukalifunga bila shida, akatembea nalo, vikuku vya kukanyagia vikimgonga ubavuni, wala hakujali.

Lakini kulikuwa na jambo, na nililiona kabla ya wenzangu, nikajifanya silioni. Farasi huyu sikio moja alikuwa analipeleka kwa wifi. La pili alikuwa ananiwekea mimi. Nikienda kulia mwa uzio, sikio linanifuata kulia. Nikiketi, linashuka nami. Anamtii wifi, ndiyo, lakini alikuwa bado anangoja Redio iseme. Na mimi, nitasema kweli kwa kuwa nimeanza, nililipenda lile sikio. Usiku nikilala nilikuwa nalifikiria kwa furaha. Ni mnyama niliyempa miezi minane ya maneno yangu, na hakunisahau.

Jumamosi ikafika, na yule bwana wa shule akafika na tela lake, akaliegesha kinyumenyume mbele ya mabanda, mlango wazi. Si mtu mbaya. Alisalimia vizuri, akasema atasubiri, akaegemea tela na kuvunja njiti ya kuchokolea meno. Makubaliano yalikuwa ya wifi mwenyewe, aliyaandika akatuonyesha sote: akimpanda leo, farasi anabaki, akishindwa, asimwone mtu akimsihi.

Wifi alianza chini, kama ilivyo kawaida. Wakatembea, wakasimama, wakarudi nyuma, vizuri kabisa. Akamweka katikati ya uwanja. Akashika kigwe cha hatamu na nywele za shingo, akatia mguu kwenye kikuku. Bwana Mdogo akageuza kichwa kunitafuta uzioni. Kichwa kilipogeuka, kiwiliwili kilifuata, na wifi akabaki anarukaruka kwa mguu mmoja mpaka akautoa.

Akamrudisha mahali pake. Akapumua. Akatia mguu tena. Kichwa kikageuka tena kwangu, masikio yote mawili sasa, na macho yale yanauliza waziwazi: hili la kupandwa hujanieleza, nifanyeje? Akasogea kando. Wifi akautoa mguu. Aliweka paji la uso kwenye tandiko, akakaa hivyo. Nilimfahamu wifi yangu. Angejaribu mara ya tatu, ya nne isingekuwepo.

Neno moja tu lilikuwa linatosha. Ningesema "simama" angeganda, wifi angepanda, bwana wa shule angekwenda zake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na ningelisema, wifi angekuwa amekaa juu ya farasi wangu, na kesho na keshokutwa angehitaji mimi niwepo uzioni kila akitaka kutia mguu. Alikuwa haombi hivyo. Aliomba wa kwanza awe yeye.

Nikampa kisogo. Farasi niliyemlea kwa mdomo wangu nikampa kisogo mchana kweupe, nikaondoka pale uzioni, nikapita mbele ya tela, nikazunguka ghala la majani makavu mpaka upande wa pili ambako hanioni, hanisikii, hanisikii hata harufu. Nikasimama naangalia ukuta wa mabati. Miezi minane na wiki tatu za kazi, na siku yake nikaangalia mabati. Nililia kwa hasira kwanza.

Kaka akatokea kwenye kona, akasimama pale ambapo anaona huku na huku. Nilimtolea macho. Sikuweza kumwuliza, maana kwa sauti yangu hata mnong'ono ungevuka ghala. Na yeye, mtu wa jibu la mchana, alikuwa ananitazama tu. Nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote.

"Anakutafuta bado," kaka akasema polepole. Halafu, "Kakuacha. Anamtazama yeye." Nikamfinya tena. "Mguu upo kwenye kikuku. Farasi ametulia. Anajiinua. Amejiinua, hajakaa, amesimama kwenye kikuku anamngoja. Wewe, masikio yote kwake. Sasa anakaa. Amekaa taratibu. Amekaa, mdogo wangu, mke wangu amekaa." Na kaka yangu, ambaye sijawahi kumwona machozi hata kwenye msiba, akajifuta uso kwa kofia yake na kuendelea kunieleza kila kwato iliyonyanyuka.

Walizunguka uwanja mara tatu kwa mwendo wa kutembea. Nikasikia mlango wa tela ukifungwa, gari likawashwa, likaondoka jepesi. Kisha nikasikia geti la uwanja. Njia ya kutokea nje inapita pale pale nyuma ya ghala, na sikuwa na pa kujificha, nikajibanza kwenye mabati.

Walipita hatua mbili kutoka nilipo. Wifi alikuwa amenyooka mgongo, rangi imemrudi usoni, macho mbele. Bwana Mdogo alinipita kama asiyenijua. Hakugeuza kichwa, hakugeuza sikio, yote mawili yalikuwa yameelekea nyuma kwa mtu aliyekuwa mgongoni, yanasikiliza pumzi yake. Iliniuma sana. Na nilifurahi kiasi kwamba goti langu bovu lilinicheza. Yote mawili yalikuja pamoja na sikujua nishike lipi.

Nilingoja wapite lango la nje, wakate kona, kwato zisisikike tena. Ndipo nikamshika kaka mkono, nikaanza kusema, na mpaka tunafunga mabanda jioni nilikuwa sijamaliza.